Kunguru Hapakwi Rangi Nyeusi Tupu

Wengi wanaoanza kuchora kwa rangi za maji huamini kwamba ndege mweusi anataka rangi nyeusi, na mweupe anataka nyeupe. Si kweli, na kunguru wa uani ndiye shahidi.

Mtazame akitua ukutani saa mbili asubuhi, jua likimpiga mgongoni. Bawa linang'aa buluu, penye mkunjo linaingia zambarau, na shingo ya yule kunguru wa Kihindi aliyejaa Dar es Salaam na Mombasa ni ya kijivu. Mng'ao huo unatokana na jinsi unyoya wenyewe unavyorudisha mwanga. Ukimpaka nyeusi tupu kutoka kwenye tyubu, unapata shimo lenye umbo la ndege.

Changanya buluu ya ultramarini na hudhurungi iliyokolea. Zikiwa nzito zitakupa weusi wenye uhai. Zidisha buluu kwenye bawa, hudhurungi tumboni. Mimi napenda kuziacha zikutane karatasini zikiwa bado mbichi, zijichanganye zenyewe.

Na weupe? Kunguru wetu wa kienyeji ana kifua cheupe pe. Hapo hapapakwi kitu: weupe ni karatasi yenyewe, uliyoizungushia rangi kwa uangalifu. Weka tu kivuli chepesi cha buluu upande wa chini ili kifua kipate mviringo. Nukta ya mwanga jichoni nayo ipangie nafasi kwa penseli kabla brashi haijalowa. Ukishaifunika, kuirudisha ni kazi ngumu.