Msongamano wa magereza: mahabusu anavyojaza bweni

Gereza likielezwa kuwa limejaa kwa asilimia 250, hesabu yake ni nyepesi. Chukua idadi ya waliolala ndani usiku huo, igawe kwa nafasi zilizopangwa, zidisha kwa 100. Bweni la watu 40 limelaza 100. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inapendekeza kila mtu kwenye bweni la pamoja apate angalau mita 3.4 za mraba, yaani eneo la kitanda cha tano kwa sita na pa kushukia kidogo.

Eneo hilo likikosekana, hakuna anayelala chali. Watu wanapangana ubavu, wote wakielekea upande mmoja, na mmoja akitaka kugeuka sharti safu nzima igeuke. Hewa ya 40 inavutwa na 100 mpaka mlango ufunguliwe asubuhi. Ndiyo maana kifua kikuu na upele havikauki kwenye magereza yaliyojaa.

Ukimuuliza mtu wa Mwanza kwa nini gereza la Butimba linajaa, wengi watakujibu kwamba wahalifu wameongezeka. Jibu hilo linaruka jambo kubwa. Ndani ya gereza kuna mfungwa, aliyekwisha kuhukumiwa na anayejua tarehe yake ya kutoka, na kuna mahabusu, ambaye kesi yake haijaisha na ambaye kwa Ibara ya 13 ya Katiba hatakiwi kutendewa kama mkosaji. Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa karibu nusu ya watu wote waliomo kwenye magereza ya Tanzania. Hata Marekani, kwenye jela za kaunti zinazoshikilia wanaosubiri kesi na wenye vifungo vifupi, zaidi ya nusu ya waliomo hawajahukumiwa.

Mahabusu anajaza gereza kwa siku anazokaa. Tuseme gereza linapokea mahabusu watano kila siku. Kila mmoja akikaa siku 30, ndani watakuwapo 150 wakati wowote. Wakikaa siku 90, watakuwa 450, na hapo uhalifu mtaani haujaongezeka hata kidogo. Ni kama pale Kigongo, Ziwa Victoria, kabla ya daraja: foleni ya malori ilirefuka kivuko kilipochelewa, hata kama malori yalikuwa yaleyale ya jana.

Kinachorefusha siku hizo kinatokea nje ya gereza. Mkuu wa gereza hana mamlaka ya kumkataa mtu aliyeletwa na hati ya mahakama, wala ya kumtoa. Karandinga linawapeleka mahakamani asubuhi, wakili wa Serikali anasimama, upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, karandinga linawarudisha. Kwa makosa kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, sheria haitoi dhamana kabisa. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2020 kwamba katazo hilo linakwenda kinyume na Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo.

Ila wapo wenye makosa yanayodhaminika ambao bado wanasota rumande, na hawa ndio wanaonishughulisha zaidi. Kijana wa kambi ya uvuvi amekamatwa na nyavu zilizokatazwa, timba au kokoro. Dhamana iko wazi: wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Ndugu yake yuko kisiwa cha Ukara. Huyo ndugu inabidi amtafute mtendaji ampe barua, avuke hadi Bugolora kwenye kisiwa cha Ukerewe, afike Nansio, apande meli ya Mwanza, alale mjini, na asubuhi awahi kwa hakimu. Barua ikiwa na kasoro, safari imeharibika. Na kijana mwenyewe huenda alifuata samaki kutoka mkoa mwingine, mwenyekiti wa pale kambini anamjua kwa jina la utani tu. Atamwandikia nani barua? Karatasi moja inaweza kumweka mtu ndani muda mrefu kuliko adhabu ya kosa lenyewe. Akihukumiwa faini akashindwa kulipa, anabaki humohumo, sasa akiitwa mfungwa.

Msamaha wa Rais haumgusi mtu huyu. Desemba 9, 2019, kwenye sherehe za Uhuru uwanja wa CCM Kirumba, hapahapa Mwanza, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Msamaha unafuta au kupunguza adhabu, na mahabusu hana adhabu ya kupunguziwa. Wa kumwondoa ni mahakama, kwa dhamana au hukumu, au Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa kuifuta kesi. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaligusa mlango wa kuingilia: kesi isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Mwenye kesi ya mauaji, basi, bado anaweza kupelekwa Butimba leo na upelelezi ukaendelea nyuma yake.