Daktari, mchora ramani na fundi wa mandolini

Mteja wangu wa asubuhi ya leo ni fundi bomba. Kaleta banjo yenye freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) zilizolika, na anaitaka Alhamisi jioni, maana akitoka kazini hupitia hapa karakanani na kuendelea moja kwa moja hadi baa wanakopiga. Nguo hubadilishia garini.

Natengeneza ala za nyuzi hapa Maryland, na wapigaji wa blugrasi, muziki wa nyuzi wa mashambani wa Marekani, wanaoniletea kazi ni wa namna hiyo karibu wote: mwalimu, nesi, dereva wa lori. Shangazi yangu wa Tanga nilipomsimulia kwenye simu aliniuliza, “Sasa mwanangu, hao ni wanamuziki au ni watu wa kujifurahisha tu?” Nikamjibu kwa kisa cha Seldom Scene, bendi ya blugrasi ya huku kwetu.

Mwaka 1971 watu watano walianza kukutana kwenye chumba cha chini, nyumbani kwa Ben Eldridge, pembezoni mwa jiji la Washington. Eldridge alipiga banjo, na kazi yake ilikuwa hisabati. Tom Gray wa besi alikuwa mchora ramani wa National Geographic. Mike Auldridge alikuwa mchoraji wa gazetini; yeye alipiga dobro, lile gita linalolazwa na kutelezeshewa chuma juu ya nyuzi. John Starling, mwenye gita na sauti ya kuongoza, alikuwa daktari mpasuaji wa masikio, pua na koo. Wa tano alikuwa John Duffey wa mandolini, ile ala ndogo ya nyuzi nane. Huyu alikwisha kupata jina na bendi ya Country Gentlemen, akachoshwa na safari, akaacha mwaka 1969 na kukaa kutengeneza ala za watu. Ni mwenzangu wa fani, kwa hiyo msishangae nikimpendelea.

Hakuna aliyetaka kuacha ajira. Walikutana usiku mmoja kwa wiki, kama wazee wanavyokutana barazani kwa bao. Hata jina lao lilitokana na utani wa Charlie Waller, aliyepiga na Duffey zamani, kwamba bendi ya namna hiyo itaonekana kwa nadra, kwa Kiingereza “seldom seen”. Wakalichukua. Baadaye ukitaka kuwaona ulikwenda Red Fox Inn, Bethesda, na miaka iliyofuata Birchmere, ng’ambo ya mto Potomac, kila Alhamisi.

Muziki wenyewe unawaruhusu watu wa kazi kuishi hivi, na hapa nitakaa kidogo. Blugrasi ya asili haina ngoma. Besi inashika pigo la kwanza na la tatu. La pili na la nne ni la mandolini. Mpigaji hukwangua nyuzi zote kwa mkupuo na papo hapo hulegeza vidole vya kushoto, mlio ukakatika: chak! Hiyo chak ndiyo ngoma yao. Ikichelewa kidogo tu, wote wanayumba. Juu yake banjo inamwaga noti mfululizo kwa vidole vitatu, mtindo ulioshika kasi Earl Scruggs alipojiunga na Blue Grass Boys wa Bill Monroe mwishoni mwa 1945. (Jina la muziki huu limetoka kwenye bendi hiyo.) Kila ala ina zamu ya kutamba, kisha inarudi nyuma kuwapisha wenzake. Kwa kuwa nyimbo nyingi za zamani zinajulikana na kila mpigaji, mtu anaweza kutoka kazini amechoka, akaulizwa ufunguo wa wimbo tu, akaingia. Na vifaa vyote vinabebeka mkononi. Besi nayo inabebeka, ila kwa manung’uniko.

Kwa maoni yangu, mshahara wa mchana ndio uliowapa uhuru. Kodi ya nyumba haikutegemea santuri, hivyo walichukua nyimbo za folk na hata za roki, wakaziimba kwa sauti tatu laini, wakati wapenzi wa blugrasi ya kale wakikunja nyuso.

Lakini kazi nayo hudai chake. Mwaka 1977 Starling aliiacha bendi akarudia udaktari, na nafasi yake ikachukuliwa na Phil Rosenthal. Auldridge alikwenda kinyume chake: aliiacha meza ya kuchorea akaishi kwa muziki. Duffey alifariki Desemba 1996. Eldridge, wa mwisho kati ya waanzilishi, alistaafu bendi mwaka 2016.

Wasomaji wa Kericho na Bomet nina jambo lenu. Mjomba wa Auldridge, Ellsworth Cozzens, alirekodi na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani, mwaka 1928. Rodgers ndiye yule ambaye sauti yake ya santuri iliwafikia Wakipsigis, wakamwita Chemirocha. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliurekodi wimbo wao wa jina hilo mwaka 1950. Siku niliyogundua kwamba dobro la Bethesda na wimbo ule wa Kenya vina ukoo mmoja, niliacha gundi ikakauka kwenye brashi.

Sasa narudi kwenye banjo. Freti tano za kwanza zimekwisha kabisa; huko ndiko fundi bomba wangu anakoshinda. Nimemwambia aichukue Alhamisi saa tisa. Atafika saa kumi na moja na nusu, matope kwenye buti, kama wiki iliyopita.