Tumbo limepona, miguu imegoma: kampilobakta na ugonjwa wa Guillain-Barré

Mgonjwa wa Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia neva na kulegeza misuli, anapofika hospitali, bakteria aliyeuanzisha ugonjwa mara nyingi ameshaondoka zake. Tumbo lilimwendesha siku chache, likatulia, akarudi kazini. Wiki 1 hadi 3 baadaye vidole vya miguu vinafa ganzi, ngazi anapanda kwa kujivuta, kesho yake hawezi kunyanyuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Yeye mwenyewe haunganishi mambo hayo mawili, na asipoulizwa hasemi. Ndiyo maana mtu akilegea miguu yote miwili ndani ya siku chache, swali langu la kwanza ni la tumbo na kifua: ndani ya wiki 6 zilizopita ulihara? Ulikohoa, ulipata homa? Karibu theluthi mbili ya wagonjwa hujibu ndiyo.

Kwa upande wa bakteria, mkosaji mkuu ni Campylobacter jejuni (ndiye kampilobakta), anayeonekana kwa karibu robo hadi theluthi ya wagonjwa. Mycoplasma pneumoniae wa mapafu anafuata kwa mbali, na Haemophilus influenzae naye yumo. Lakini usiogope kila kuhara. Katika watu kama 1,000 wanaougua kampilobakta, anayeishia kupooza ni 1 hivi.

Kinachotokea ni hiki. Ganda la nje la C. jejuni limejaa molekuli za mafuta zenye minyororo ya sukari. Kwa baadhi ya aina za bakteria huyu, ncha ya mnyororo inafanana na sukari za gangliosidi (mafuta yenye sukari) kama GM1 na GD1a, zilizo kwenye utando wa neva zetu. Mwili unatengeneza kingamwili za kumshughulikia bakteria; bakteria akiisha, kingamwili zinabaki kwenye damu, zinakutana na sukari ileile kwenye neva na kuing'ang'ania. Mahali panapoumia zaidi ni vifundo vya Ranvier, vile vijisehemu ambavyo aksoni, uzi mrefu wa neva, haikufunikwa na mielini, ganda lake la mafuta. Hapo kingamwili zinawasha komplementi, protini za kinga zilizo kwenye damu; komplementi inatoboa utando, milango ya sodiamu inavurugika na umeme wa neva unakatika.

Ikiwa umeme umekatika tu na aksoni ni nzima, mgonjwa anaweza kuinuka haraka ajabu. Aksoni ikikatika, hukua upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo wewe piga hesabu. Kampilobakta hupenda kuleta aina hii inayoumiza aksoni: ndiyo iliyowalaza watoto wa vijijini kaskazini mwa China kila kiangazi, kama watafiti walivyoeleza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kingamwili zikilenga GQ1b badala ya GM1, unapata sura nyingine kabisa, ya Miller Fisher: macho hayageuki, mtu anayumba kama mlevi, rifleksi (goti kuruka likigongwa) zimepotea, ila nguvu za miguu zipo.

Sasa mambo mawili yanayopoteza muda wodini. Kwanza, antibayotiki. Azithromycin ikitolewa mapema hufupisha kuhara; miguu ikishalegea haina la kufanya kwenye neva, kwa sababu kinachoshambulia si bakteria tena. Pili, kuotesha bakteria wa kwenye choo maabara. Kampilobakta anataka oksijeni kidogo, joto la nyuzi 42 na chakula chake maalumu. Maabara inayootesha kwa kutafuta Salmonella na Shigella peke yake haitamwona hata akiwepo, kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoota" lisikubadilishe mawazo.

Utambuzi unatoka kitandani: udhaifu wa pande zote mbili, rifleksi kupungua au kupotea, hali kufikia kilele ndani ya wiki 2 kwa wengi na isizidi wiki 4. (Wachache wenye aina ya aksoni hubaki na rifleksi, hata kali kuliko kawaida. Wasikuchanganye.) Maji ya uti wa mgongo huonyesha protini nyingi na seli chache, chini ya 10 kwa mikrolita. Wiki ya kwanza protini inaweza kuwa ya kawaida kabisa, kwa hiyo majibu mazuri siku ya 3 hayafuti ugonjwa. Seli zikizidi 50, tafuta kitu kingine, na pima VVU kwa kila mgonjwa. Mkojo uliofunga tangu mwanzo, au ganzi yenye mpaka unaoweza kuuchora tumboni, vinaelekeza kwenye uti wa mgongo wenyewe, na kwetu hapo kifua kikuu cha mifupa na kichocho vimo. Yapo na mengine yanayolegeza mwili: pima potasiamu. Uliza sumu ya wadudu ya shambani, nyoka, na kung'atwa na mbwa. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla, hata ukiwa na uhakika ni Guillain-Barré, unamtolea taarifa ya polio siku hiyohiyo: sampuli 2 za choo, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, zikisafirishwa kwenye baridi.

Kinachoua ni pumzi. Mgonjwa 1 kati ya 4 au 5 hufikia mashine ya kupumulia, na kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kutulia kwa sababu kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 97. Oksijeni hushuka mwishoni. Misuli ikichoka, hewa chafu inajikusanya kwanza, na hasa mgonjwa akiwekewa oksijeni ya puani, namba ile inaweza kubaki nzuri mpaka dakika za mwisho. Mwambie avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti ya kawaida, takriban namba 2 kwa sekunde. Asipofika 20, yuko kwenye hatari. Mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto: misuli ya shingo ikilegea, ya kupumulia haiko mbali. Ukiwa na spirometa, kifaa cha kupima hewa anayoweza kupuliza, mpaka ni ml 20 kwa kilo, yaani lita 1.2 kwa mtu wa kilo 60. Rudia kila baada ya saa 2 hadi 4 wakati ugonjwa bado unapanda, andika namba na saa. Ikishuka mfululizo, mhamishe kabla hajatweta. Akihitaji mpira wa kupumulia, usitumie suxamethonium, dawa ya kulegeza misuli; potasiamu itapaa na moyo utasimama. Presha nayo huruka juu na chini bila sababu, kwa hiyo epuka dawa za presha zinazokaa muda mrefu mwilini.

Matibabu ni kuziondoa kingamwili au kuzizima. Imunoglobulini ya mshipa, yaani kingamwili za watu waliochangia damu, ni gramu 0.4 kwa kilo kwa siku, siku 5: kwa kilo 60 ni gramu 24 kila siku, jumla 120. Bei yake ndiyo inayofanya familia nyingi ziuze kiwanja. Kubadilisha plazma (maji ya damu) mara 4 hadi 6 kunafanya kazi sawasawa, hospitali ikiwa na mashine. Mjini Dhaka, Bangladesh, walijaribu njia isiyo na mashine kwa watu wazima 20, ripoti ikatoka 2018: damu inatolewa kidogo kidogo, chembe nyekundu zinaachwa zitue kwenye mfuko, plazma inatupwa na chembe zinarudishwa. Utafiti mdogo, ila mimi naufuatilia kwa karibu kuliko dawa zozote mpya. Steroidi hazisaidii. Zinaendelea kuandikwa kwa sababu zinasaidia ule ugonjwa ndugu, CIDP, unaokwenda polepole zaidi ya wiki 8, na watu huchanganya mafaili.

Chanzo chenyewe kinazuilika. New Zealand iliwabana wachinjaji wa kuku kuanzia 2006. Kufikia 2008 wagonjwa wa kampilobakta walipungua kwa nusu, na waliolazwa kwa Guillain-Barré wakapungua kwa asilimia 13 katika miaka iliyofuata.

Kwetu wengi hupika kuku mpaka akaiva sawasawa, na hapo bakteria hana ujanja. Tatizo liko pembeni. Kumwosha kuku mbichi chini ya bomba kunarusha matone kwenye vyombo, na kumsugua kwa ndimu hakuhakikishi chochote. Kisha ubao uleule na kisu kilekile vinakatia nyanya na vitunguu vya kachumbari, ambayo haipiti motoni kamwe. Kata kachumbari kwanza, ifunike, iweke mbali, ndipo umtoe kuku kwenye mfuko.