Sifuri na kisanduku kitupu

Kila Jumatatu, hata chai sijanywa, nafungua KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa Kenya unaotumia programu ya DHIS2, nitazame homa za wiki iliyopita. Siendi kwenye grafu kwanza. Naangalia ni vituo vingapi vimeleta ripoti, maana kituo kisipoleta, mstari hushuka vilevile kama vile watu wamepona.

Hilo nililijua kwa aibu. Msimu mmoja wa kusi, bahari imechafuka, kituo kimoja cha kisiwani kilinyamaza wiki mbili. Nikaona mstari umeshuka, nikapeleka wanyunyizaji wa dawa ya mbu kwingine. Fomu zilipokuja kwa boti, homa zilikuwa tele na vipimo vya malaria karibu vyote hasi. Kisanduku kilikuwa kitupu, mimi nikakisoma sifuri.

Homa nyingi, malaria hakuna: Lamu hesabu hiyo hatuichezei. Mwaka 2004 chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ilizuka hapa kabla ya kufika Mombasa na Komoro, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa asilimia 75 ya watu wa kisiwa hiki waliambukizwa. Na ulikuwa wakati wa ukame! Mbu aina ya Aedes aegypti hangoji mvua. Pipa la maji ya akiba linamtosha. Tena huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa.

Hesabu ya wagonjwa huja imechelewa, kwa hiyo hatuingoji. Tunapita nyumba kwa nyumba na simu yenye ODK, programu ya kujazia fomu hata pasipo mtandao, tukihesabu vyombo vyenye viluwiluwi. Nyumba 50 zikiwa na vyombo 15 vya namna hiyo, ni sawa na 30 kwa kila nyumba 100. Mtaa wenye hesabu kubwa ndio tunaoanza nao, hata kama haujatoa mgonjwa.

Mtaa wa Mkomani, bibi mmoja alinionyesha birika lake la bafuni, hodhi la kuwekea maji. Chini kuna bakuli la kaure lililojengewa humo, samaki wadogo wapate maji birika likikaribia kukauka. Kazi yao ni kula viluwiluwi.

"Walikufa, mwanangu, maji yalipokatika."

Fomu yangu ilikuwa na pipa, mtungi, tangi na tairi. Birika hamna. Nikabonyeza "nyingine". Jioni nikaliongeza, na chini yake swali la pili: samaki wapo?