Bunge la 12: nani aliingia kwa mlango gani, na nani aliongoza

Kila Bunge linapovunjwa mimi hufunga daftari moja na kufungua jingine. La Bunge la 12 la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania limejaa hadi pembezoni mwa kurasa, ingawa mwishoni mwa 2020 wenzangu kadhaa waliniambia halitakuwa na la kuandikwa. Chama kimoja kimejaza ukumbi, walisema, sasa utafuatilia nini?

Mimi ninafundisha sheria na taratibu za Bunge, na swali hilo nimeulizwa na wanafunzi kila mwaka wa muhula ule. Jibu langu halijabadilika. Hesabu ya vyama ni mwanzo tu. Muulize kila mbunge ameingia kwa mlango gani, kwa sababu mlango huo ndio unaokwambia nani anaweza kumtoa, na akitoka nafasi yake inajazwaje. Bunge la 12 lilinipa mifano ya karibu kila mlango.

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 28, 2020. Majimbo yalikuwa 264. CCM ilichukua 256, ACT-Wazalendo 4, CUF 3 na Chadema 1, lile la Nkasi Kaskazini la Aida Khenani. Viti maalumu vya wanawake vilikuwa 113, ambavyo hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge: CCM 94, Chadema 19. Ongeza watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwao, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa wadhifa wake, na wasiozidi 10 wanaoteuliwa na Rais. Jumla 393. Ipo pia nafasi ya Spika aliyetoka nje ya wabunge, lakini muhula huu haikutumika: maspika wote wawili walikuwa wabunge wa majimbo.

Huwa nawakumbusha wanafunzi jambo moja linalosahaulika: kwa Ibara ya 62 ya Katiba, Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Kwa hiyo kifo cha Rais John Magufuli, Machi 17, 2021, kiligusa pia mojawapo ya sehemu mbili za Bunge. Samia Suluhu Hassan aliapa Machi 19. Siku 11 baadaye, Machi 30, wabunge walipiga kura kumthibitisha Philip Mpango kuwa Makamu wa Rais, akapata kura zote 363. Mpango alikuwa Waziri wa Fedha na mbunge wa Buhigwe, basi jimbo likabaki wazi na wananchi wake wakarudi kupiga kura Mei 2021. Mlango wa jimbo ndivyo ulivyo: mwenye kiti akiondoka, kwa kifo au kwa cheo, nafasi inarudi kwa wapigakura.

Konde, kule Pemba, ilirudi mara mbili. Mbunge wake wa ACT-Wazalendo, Khatib Said Haji, alifariki Mei 2021. Julai mgombea wa CCM akatangazwa mshindi, kisha akajiuzulu kabla hajaapa. Oktoba uchaguzi ukarudiwa na ACT-Wazalendo ikakirejesha kiti. Ndani ya miezi mitano jimbo moja lilijaza nusu ukurasa wa daftari langu, wakati majimbo mengine yana mstari mmoja tu kwa miaka mitano.

Mlango wa uteuzi wa Rais unafanya kazi tofauti kabisa. Hauna kampeni wala kituo cha kura. Machi 31, 2021, Rais Samia aliwateua kwa mpigo Bashiru Ally, ambaye alikuwa Katibu Mkuu Kiongozi kwa takriban mwezi mmoja, na mabalozi wawili, Liberata Mulamula na Mbarouk Nassor Mbarouk. Mulamula akawa Waziri wa Mambo ya Nje na Mbarouk naibu wake. Waziri wa Tanzania lazima awe mbunge, kwa hiyo Rais akitaka mtu asiyetoka jimboni, njia ya haraka ni hii. Naiona ni njia yenye manufaa nchi inapohitaji mtaalamu, mradi idadi isizidi 10 na angalau watano wawe wanawake, kama Katiba inavyotaka.

Kiti cha Mwanasheria Mkuu nacho kilikaliwa na watatu: Adelardus Kilangi, kisha Eliezer Feleshi tangu 2021, kisha Hamza Johari tangu 2024. Ofisi ikibadilika, mbunge anabadilika.

Nimeacha viti maalumu kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Mbunge wa viti maalumu akifariki hakuna uchaguzi mdogo. Tume ya Uchaguzi hujaza nafasi kwa orodha ya chama chake. Uhai wake bungeni umefungamana na chama. Sasa tazama yaliyotokea. Chadema ilikataa matokeo ya uchaguzi na kusema haijapeleka majina. Hata hivyo, Novemba 24, 2020, wanawake 19 wa chama hicho, akiwamo Halima Mdee, waliapishwa na Spika Job Ndugai. Siku tatu baadaye Kamati Kuu ya chama ikawavua uanachama. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomwingiza, anapoteza ubunge. Wasomaji wengi walidhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia. Wale 19 walikata rufaa ndani ya chama, na kufukuzwa ambako bado kuko kwenye rufaa hakujawa neno la mwisho. Baraza Kuu la Chadema lilizikataa rufaa hizo Mei 2022. Wakaenda Mahakama Kuu, na Spika mpya, Tulia Ackson, akasema Bunge litasubiri mahakama. Desemba 2023 Mahakama ikabatilisha uamuzi wa Baraza Kuu, hoja ikiwa kwamba waliokwisha kuwahukumu katika Kamati Kuu hawakupaswa kushiriki tena kuamua rufaa. Walikaa bungeni hadi mwisho wa muhula. Nasema waziwazi kwamba jambo hili liliniumiza kama mwalimu: sheria imeandikwa kana kwamba swali la nani ni mwanachama hujibiwa kwa siku moja, kumbe linaweza kula muhula mzima, na muda wote huo kiti hakijulikani kinamwakilisha nani. Lazima ibara hiyo iwekewe muda wa kumaliza rufaa.

Kwa nini viti 19 vilikuwa na uzito katika ukumbi wa 393? Kwa sababu ya kanuni mbili. Ya kwanza inataka asilimia 12.5 ya wabunge wote ili kuunda Kambi Rasmi ya Upinzani. Kwa ukumbi ule ni wabunge 50 hivi. Upinzani wote, hao 19 pamoja na wanane wa majimbo, ulikuwa 27. Cheo cha Kiongozi wa Kambi Rasmi, alichokuwa nacho Freeman Mbowe katika Bunge la 11 kabla hajashindwa katika jimbo la Hai, kikakosa mtu. Hakukuwa tena na bajeti kivuli wala mawaziri kivuli. Kanuni ya pili haitazami asilimia: kamati zinazochunguza hesabu za umma huongozwa na wapinzani. Kwa hiyo Naghenjwa Kaboyoka akaongoza PAC, inayopitia hesabu za Serikali Kuu, na LAAC ya serikali za mitaa ikaongozwa na Grace Tendega, kisha Mdee tangu 2023. Wote watatu ni wa lile kundi la 19. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ilipofika mezani, waliokaa kiti cha mbele walikuwa wabunge ambao ubunge wao wenyewe ulikuwa unabishaniwa mahakamani.

Kwa uongozi wa juu, Ndugai, mbunge wa Kongwa, alichaguliwa tena Spika Novemba 10, 2020, na Tulia Ackson, aliyekuwa ameshinda Mbeya Mjini, akarudi kuwa Naibu Spika. Kassim Majaliwa wa Ruangwa alithibitishwa Waziri Mkuu na akadumu hadi mwisho chini ya marais wawili. Januari 6, 2022, Ndugai akajiuzulu uspika, baada ya kauli yake kuhusu mikopo ya nje kuzua mtafaruku. Ubunge wa Kongwa alibaki nao.

Siku hizo nilipokea maswali mengi: je, Naibu si anaendelea tu? Hapana. Ibara ya 84 inasema kiti cha Spika kikiwa wazi, Bunge halifanyi shughuli yoyote isipokuwa kumchagua Spika. Hakuna maswali wala muswada. Ndiyo maana Februari 1, 2022, kazi ya kwanza ilikuwa kura, na Tulia akapata zote 376. Alikuwa mwanamke wa pili kuwa Spika baada ya Anne Makinda. Mussa Zungu wa Ilala, ambaye alikuwa Mwenyekiti wa Bunge, yaani mmoja wa wanaoongoza vikao Spika na Naibu wasipokuwapo, akawa Naibu. Oktoba 2023, mjini Luanda, Tulia alichaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika.

Rudi nyuma utaona njia iliyokwisha kukanyagika: Makinda alikuwa Naibu wa Samuel Sitta, Ndugai Naibu wa Makinda, Tulia Naibu wa Ndugai. Katiba haisemi hivyo popote. Hata mtu ambaye si mbunge anaweza kuwa Spika, ilmradi ana sifa za kuchaguliwa, ilhali Naibu lazima awe mbunge. Lakini anayekalia kiti kila siku Spika anapokuwa safarini ndiye wabunge wanayemzoea, na ndiye anayezijua kanuni kwa vitendo.

Rais alilihutubia Bunge Juni 27, 2025, na likavunjwa rasmi Agosti 3. Ndugai alifariki Agosti 6, akiwa anaitafuta tena Kongwa. Jina lake nimelipigia mstari mara tatu daftarini, Naibu, Spika, mbunge wa kawaida, kwa sababu wachache wamewahi kukaa pande zote hizo za ukumbi.

Daftari jipya lina majimbo 272, manane zaidi. Mstari wake wa kwanza niliujaza Novemba 2025: Spika, Mussa Azzan Zungu, aliyekuwa Naibu.