Bima ya gari la juu: angalia kwanza thamani uliyoandika kwenye fomu

Kazi yangu ni kukadiria hasara za magari yenye bima. Gari likigongwa au likiingia maji, kampuni inanituma nikalione kabla fundi hajaligusa. Kwa hiyo fomu za bima nazisoma siku ambayo mwenye gari hawezi tena kuzirekebisha, na mara nyingi mno ugomvi unaanzia mahali pamoja, kwenye thamani ya gari.

Tuseme umeagiza gari la juu (SUV) kama RAV4 kutoka Japani. Risiti ya gari pamoja na usafiri wa meli inasoma shilingi milioni 22, na hiyo ndiyo namba unayompa wakala. Hujahesabu ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, tozo ya uchakavu, VAT, bandari wala usajili. Gari la aina hiyohiyo ukilitafuta kwenye yadi za Dar es Salaam unaambiwa milioni 40.

Bima kubwa ya gari binafsi hapa Tanzania, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, halafu VAT ya asilimia 18 juu yake. Kwa milioni 40 ni 1,400,000, na kodi inafikisha 1,652,000. Kwa milioni 22 unalipa 908,600 tu, unajiona umeokoa zaidi ya laki saba. Sasa ugongwe ubavuni, matengenezo yaje milioni 8. Kampuni inasema umekatia bima asilimia 55 ya gari lako, basi nayo inabeba asilimia 55 ya hasara: milioni 4.4. Hapo inaondolewa ekses, yaani sehemu ya hasara ambayo lazima ujilipie. Ikiwa mkataba wako unasema asilimia 10, unabaki na milioni 3.96. Zaidi ya milioni nne zinatoka mfukoni mwako, na una bima kubwa! Nimewapelekea watu hesabu ya namna hii na kuona uso unavyobadilika. Inauma, kwa sababu ilikuwa inazuilika kwa kumwita mthamini asubuhi moja.

Kuandika kubwa kupita kiasi nako hakusaidii. Gari likiibwa au likiharibika lote, unalipwa bei ya soko ya siku ile hata kama uliandika milioni 60. Na bei hiyo hushuka kila mwaka, kwa hiyo usihuishe bima kwa namba ya mwaka juzi.

Wengi huniuliza kama gari la juu linatozwa asilimia kubwa kuliko gari la chini la saluni. Kwa kawaida hapana, asilimia inafuata matumizi. Kinachokupandishia ada ni thamani yenyewe. Ila upande wa matengenezo, hapo gari la juu ni ghali kweli. Taa ya mbele ya Harrier ikivunjika kioo, mara nyingi unanunua taa nzima, na bampa za siku hizi zina kamera na vihisi ndani. Ndiyo maana vioo vya pembeni na taa vinawindwa sana na wezi. Uliza mapema mkataba wako unalipa kiasi gani kwa vifaa vilivyong'olewa gari likiwa limeegeshwa, maana mara nyingi kuna ukomo.

Halafu maji. Msimu mmoja wa masika nilifungua boksi la chujio la hewa la X-Trail iliyozimika kwenye dimbwi; chujio lilikuwa limelowa tepetepe, likichuruzika maji ya tope. Mwenyewe akaniambia, "Kaka, gari hili ni la juu, maji hayakufika hata kwenye viti." Hayakuhitaji kufika huko. Injini ilivuta maji kupitia njia ya hewa, na alipojaribu kuwasha tena na tena konrodi, chuma kinachoshika pistoni ndani ya injini, ikapinda. Mafuriko na kuharibika kwa injini ni mambo mawili kwenye mikataba mingi, na kuwasha upya ndiko kunakoipa kampuni hoja ya kukataa dai. Likizimika majini, usiguse swichi. Piga picha, livutwe.

Wenye Prado na Land Cruiser wanaobeba watalii kwa namba za njano, yaani za gari binafsi, nawasihi sana. Bima ya binafsi haikulindi ukiwa kwenye kazi ya kulipwa, hata kama abiria ni mmoja na safari ni ya siku moja. Dai la namna hiyo hukataliwa lote.

Ukivuka Namanga kwenda Kenya utahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka, nayo inalipia madhara uliyowasababishia wengine na matibabu ya waliomo garini mwako, si gari lenyewe. Gari lako lenyewe linahitaji bima kubwa iongezwe nchi unayokwenda, kwa maandishi.

Bima ndogo ya gari binafsi, 118,000 pamoja na VAT, inakutosheleza kisheria, lakini inaishia kwenye madhara uliyowasababishia wengine. Yoyote utakayokata, ukishalipa ingiza namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima wa kuhakiki bima, kabla hujaondoka ofisini kwa wakala. Angalia tarehe, angalia aina ya bima. Halafu muombe nakala ya fomu uliyosaini, usome tena ile namba ya thamani.