Mita 60 juu ya nini?

Juma lililopita nimeletewa droni ya tatu mwaka huu. Mikono miwili imevunjika, kamera inaning'inia kwa utepe wake, udongo wa Nyabondo umekaukia kwenye propela. Kijana aliyeileta hupiga picha za harusi huku Kisumu, na deni la kununulia droni hiyo bado analilipa. Aliiweka mezani kwa mikono miwili kama anayemlaza mtoto mgonjwa, akasema maneno yaleyale waliyosema wawili waliomtangulia: "Mwalimu, kioo kilionyesha mita 60 juu. Sielewi iligongaje mlima."

Iligonga mlima kwa sababu kweli ilikuwa mita 60 juu. Juu ya pale ilipoanzia. Aliirusha kutoka chini, upande wa tambarare, akaielekeza kwenye ukingo wa Nyabondo ili bwana na bibi harusi waonekane na bonde lote nyuma yao. Ardhi ikapanda, droni ikabaki palepale ilipoagizwa kubaki, namba kwenye kioo haikubadilika hata kidogo, na mlima ukaikuta.

Imani hii kwamba altimita, kile kifaa cha kuonyesha mwinuko, hupima umbali hadi chini nimeishi nayo zaidi ya miaka 50. Nimeikuta kwa makadeti, kwa mafundi wa jeshi, kwa wanafunzi wangu wa elektroniki, kwa abiria waliokaa dirishani, na sasa kwa wapiga picha. Nimechoka kuieleza mmoja mmoja, ndiyo maana naandika.

Nilifungua ile droni mbele ya kijana. Katikati ya bodi kuna kidude cha chuma chenye upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 2 na nusu, kidogo kuliko punje ya mchele, na juu yake tundu kama la pini. Juu ya tundu hilo wenye kiwanda hubandika kipande cha sponji nyeusi. Hiyo ndiyo altimita. Ndani mna utando mwembamba wa silikoni unaopinda kadiri hewa inavyoubonyeza, ukinzani wa umeme unabadilika, na programu inageuza badiliko hilo kuwa mita. Ni baromita, yaani kipima mgandamizo wa hewa. Haijawahi kuiona ardhi, wala haijui kama kuna ardhi.

Kwenye droni ya kijana huyu sponji haikuwepo. Fundi mmoja aliyeifungua kabla yangu aliiona kama uchafu akaitupa. Tafadhali, mafundi wenzangu, msiitupe. Upepo wa propela ukivuma moja kwa moja kwenye tundu lile, namba zinaruka na droni inapanda na kushuka yenyewe kama mtumbwi kwenye mawimbi. Mwanga wa jua nao ukiingia pale huisumbua silikoni. Sponji ya shilingi chache ndiyo inayoipa droni yako utulivu.

Basi tuhesabu. Usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa wa kawaida ni 1,013 kwa kizio chake, hektopaskali. Hapa Kisumu, kando ya ziwa lililo kama mita 1,135 juu ya bahari, ni kama 890. Nakuru, karibu mita 1,850, ni kama 810 na kitu. Ukipanda, hewa iliyobaki juu yako inapungua, mgandamizo unashuka, na chombo kinasema umepanda. Kinajua hilo tu. Vitabu vingi husema hektopaskali moja ni mita 8 na kidogo. Hiyo ni kweli ukiwa Mombasa. Hapa kwetu hewa ni nyepesi zaidi, na mchana wa joto hektopaskali moja inakaribia mita 10. Ukichukua bodi kutoka mezani ukaiweka kwenye rafu iliyo mita moja juu zaidi, utaona mabadiliko ya sehemu ya kumi ya hektopaskali. Chipu hii huyaona. Mimi mwenyewe bado hunishangaza.

Sasa nifike panaponichoma. Ukimwuliza mtu "ndege iko juu kiasi gani?" atakutajia namba bila kusita. Lakini neno "juu" likisimama peke yake halijakamilika. Juu ya nini? Juu ya meza, juu ya uwanja, juu ya bahari, juu ya mti ule pale? Tukizungumza nyumbani tunamalizia wenyewe kichwani, kwa kuwa sote tumekanyaga ardhi ileile. Angani hakuna aliyekanyaga kitu. Marubani wana majibu matatu na wanayageuza kwa kitufe kimoja kidogo cha altimita. Weka mgandamizo wa uwanja wenyewe, unaoitwa QFE, na mshale utasoma sifuri ukiwa chini. Weka ule uliosahihishwa hadi usawa wa bahari, QNH, na mshale utasoma mwinuko wa uwanja. Weka 1,013 na utakuwa sawa na ndege nyingine zote za safari za juu, hata kama hakuna hata moja inayojua ukweli wa ardhi. Altimita nyingi mizani yake haishuki hadi 890, kwa hiyo kwa Kisumu ile QFE huwezi hata kuiweka. Tusikawie hapo.

Nilipita mafunzo ya ukadeti Lanet, nikafundishwa kurusha ndege ya mafunzo ya Bulldog kule Eastleigh, kisha nikapelekwa kwenye Caribou, ndege ya mizigo ya injini mbili za pistoni zenye kelele ambayo bado naisikia. Siku moja asubuhi, mbingu nyeupe kabisa bila wingu, tulitoka Kisumu kuelekea Nakuru. Nilikuwa rubani msaidizi. Kepteni alinikabidhi usukani, nikaisawazisha kwenye futi 11,000, nikamwambia kwa fahari, "Afande, futi 11,000 juu." Akasema, "Juu ya nini?"

Nikanyamaza. Hakunikemea. Akasubiri.

Futi 11,000 ni kama mita 3,350. Tulipoliacha ziwa tulikuwa na nafasi ya mita 2,200 chini yetu, na mitumbwi ilikuwa kama makapi ya mchele majini. Dakika zikapita. Mshale haukusogea, nami nilijivunia kuushika palepale. Kisha Kepteni akanionyesha dirisha kwa kidole. Tulikuwa juu ya Mau, na pale vilele vinafika karibu mita 3,000. Niliona moshi wa jikoni ukitoka kwenye paa. Niliona mtu amesimama akitutazama, na nikaona rangi ya shati lake. Nafasi yetu ilikuwa imebaki kama mita 350, na altimita yangu ilisema vilevile ilivyosema juu ya ziwa. Tulipovuka na bonde la Nakuru likafunguka, nafasi yetu ikawa mita 1,500 bila kupanda hata futi moja.

Kepteni alitandika ramani gotini kwangu, akaweka kucha yake kwenye mstari wa mwinuko, akasema: "Altimita inakupa nusu. Nusu nyingine iko hapa." Kwa sababu hiyo kanuni ya kuruka kwa kutegemea vyombo, bila kuona nje, inadai futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi kilicho karibu na njia yako, na futi 2,000 kwenye nchi ya milima. Mtu lazima atoe. Mwinuko wa chombo, toa mwinuko wa ardhi. Hesabu ya darasa la tatu, na watu wamekufa kwa kutoifanya.

Hapo msomaji makini ataniuliza: Je, hakuna chombo kinachopima chini moja kwa moja? Kipo. Altimita ya redio hutuma mawimbi ya gigahezi 4.2 hadi 4.4 kuelekea chini na kusikiliza mwangwi. Ukiwa mita 100 juu, mawimbi yanakwenda na kurudi kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo hatupimi kwa kubonyeza saa. Tunapandisha masafa ya mawimbi, yaani kasi ya mtetemo wake, na kulinganisha yanayorudi na yanayotoka wakati huohuo, na tofauti yake ndiyo inayotupa umbali. Ni kazi nzuri sana ya elektroniki, na darasani naweza kuizungumzia wiki nzima. Lakini kwa kawaida inafanya kazi hadi futi 2,500 tu, na inatazama chini. Ukuta ulio mbele haiuoni. Droni nyingi nazo zina macho ya tumboni, na yanaona mita chache tu.

Na hata hiyo, usiiamini kwa upofu. Tarehe 25 Februari 2009, Boeing 737 ikishuka kuelekea Amsterdam, altimita yake ya redio ya kushoto ilisoma futi 8 chini ya sifuri ilhali ndege ilikuwa karibu futi 2,000 angani. Mtambo unaosimamia nguvu za injini uliiamini hiyo ya kushoto, ukaona ndege inakanyaga njia ya kutua, ukapunguza injini hadi chini kabisa. Ya kulia ilikuwa sahihi muda wote. Mwendo ulipotea, ndege ikaanguka kwenye shamba, watu 9 wakafa. Nilisoma ripoti hiyo nikiwa na wanafunzi, na siku hiyo hatukurudi kwenye somo lililokuwa ubaoni.

Watu huniambia nimeishi maisha mawili, ya rubani na ya mwalimu wa umeme. Mimi naona moja. Masikio yalipoharibika na daktari akanitoa angani, nilihamishiwa darasa la mafundi, na juma la kwanza akaja kijana na betri ya gari. Akaishikia mita, ikasoma volti 12.6, akasema ni nzima. Nikamwambia aiwashie taa kubwa. Ikaporomoka hadi 9. Mita yake haikudanganya. Ilipima volti za betri isiyobeba kitu, naye akadhani amepima nguvu ya betri. Ni kosa lile la Mau, na ndilo nimelifundisha tangu hapo: uliza kifaa kinapima nini kabla hujaisoma namba.

Yapo mambo yasiyonipa raha hadi leo. Altimita zote zimetengenezwa kwa hewa ya kufikirika, nyuzi 15 usawa wa bahari na kupungua nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Kwa hesabu hiyo Kisumu mchana ingekuwa kama nyuzi 8. Nani amewahi kuvaa koti Kondele saa saba mchana? Hewa yetu ya moto imevimba, kwa hiyo chombo kikisema umepanda mita 1,000, umepanda karibu 1,070. Kosa hilo linaangukia upande wa usalama, na kwa sababu hiyo vitabu hulipita kimya. Mimi sipendi kumfundisha mtu kuegemea kosa kwa kuwa leo limemfaa.

Jingine ni kanuni za droni za mwaka 2020. Zinaweka kikomo cha futi 400, kama mita 120, kutoka ardhini. Ni kikomo chenye busara. Lakini kioo cha kijana huyu hakipimi kutoka ardhini. Akiwa amesimama juu ya ukingo na kuirusha kuelekea bondeni, kioo kitamwambia mita 60 ilhali chini ya droni kuna mamia. Atakuwa amevunja sheria huku akitii namba anayoiona. Sijui tumwadhibu kwa lipi hasa, na maafisa niliowauliza nao walikuna vichwa.

Kijana hakuwa na haraka, basi nilimwonyesha kitu cha mwisho. Saa nne asubuhi niliiweka bodi ya droni yake mezani, nikaifunga kwa utepe isisogee, nikaiunganisha na kompyuta na kuifanya isome sifuri. Kisha tukaenda kula samaki. Huku kwetu kwenye ikweta hewa ina kupwa na kujaa kwake kila siku, kama bahari ya Pwani. Mgandamizo hufika kileleni kama saa nne asubuhi na kushuka chini kabisa kama saa kumi alasiri, na tofauti yake ni hektopaskali 3 au 4. Enzi za Caribou tulikuta hivyo kila siku: ndege imeegeshwa tangu asubuhi, ukirudi kutoka chakula cha mchana altimita imepanda peke yake, na kufikia jioni ni futi 100 hivi.

Saa kumi tulirudi. Kioo kilisoma mita 34. Sehemu ya hizo ni joto la chipu yenyewe, nilimweleza, ila nyingi ni hewa. Aliinama akachungulia chini ya meza. Akaugusa ule utepe. Akakaa muda mrefu akiitazama namba, kisha akaniuliza polepole, "Kwa hiyo siku ile, Mwalimu, niliirusha saa ngapi na ikagonga saa ngapi?"

Nikamsogezea daftari.